Namna ya Kuvuna Mawazo ya Bidhaa kutoka kwa Watumiaji

Kabla huduma za kutuma pesa kwa simu hazijaenea nchini Uganda, mtu aliyekuwa akifanya kazi Kampala na kutaka kumsaidia mama yake kijijini alikuwa akinunua vocha ya simu, akaikwangua, akampigia mwenye kibanda wa kule kwao na kumsomea tarakimu moja baada ya nyingine. Mwenye kibanda aliingiza salio lile katika simu yake, akaliuza rejareja kwa wateja waliokuja kupiga simu, na kumkabidhi mama fedha taslimu baada ya kukata chake. Hakuna kampuni ya simu iliyokuwa imewafundisha watu kufanya hivyo, wala vocha haikuchapishwa kwa kazi hiyo. Hata hivyo, yeyote aliyekuwa tayari kutazama angeona pale muhtasari mzima wa bidhaa mpya: mtumaji, mpokeaji, wakala wa kati, ada ya huduma, na uthibitisho kwamba watu walikuwa tayari kuilipa ada hiyo.

Mwongozo huu umejengwa juu ya jambo hilo moja. Mtumiaji ni nadra kuja ofisini kwako na wazo la bidhaa lililokamilika, na akija nalo mara nyingi huwa si zuri sana. Anachokuwa nacho ni usumbufu ambao amekwisha kuutafutia njia kwa muda wake, kwa fedha yake au kwa aibu yake. Kazi ya kampuni ni kuiona njia hiyo, kuielewa, na kuigeuza kuwa kitu kinachouzika. Nimeandika nikizifikiria zaidi kampuni ndogo na za kati, zile ambazo hazina idara ya utafiti lakini zina simu inayolia na wateja wanaoingia mlangoni kila siku.

Hatua ya 1: Tenganisha unayoyasikia

Maneno ya wateja huja yakiwa yamechanganyika, na ukiyaweka yote katika kapu moja la "maoni" utashindwa kuyatumia. Yagawe mapema. Kuna malalamiko, ambayo hukuonyesha mahali bidhaa iliyopo inapokosea. Hayo yapeleke kwa wanaorekebisha kasoro, na usiyahesabu kuwa mawazo mapya. Kuna maombi, ambapo mteja anakuambia suluhisho analodhani linafaa, na mara nyingi suluhisho hilo ni kile alichokiona kwa mshindani wako. Halafu kuna kile ambacho hapa nitakiita ujanja: jambo analolifanya mtumiaji kwa bidhaa yako, au pembeni mwake, ambalo hukulikusudia na ambalo limemgharimu kitu.

Ujanja ndio unaopaswa kukushughulisha zaidi. Kwa miaka mingi watu katika miji ya Afrika walitembea na laini mbili au tatu za mitandao tofauti, kwa sababu kupiga simu kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine kulikuwa ghali, na walifungua mfuniko wa simu na kutoa betri kila walipotaka kubadilisha laini. Kampuni ya Transsion ya Shenzhen, inayotengeneza simu za Tecno, ilijipatia soko kubwa barani kwa kuuza simu za laini mbili na zaidi. Haikuhitaji kumuuliza mtu yeyote kama angeipenda simu ya namna hiyo, kwa kuwa vidole vilivyokuwa vikifungua na kufunga mfuniko kutwa vilikuwa vimekwisha kujibu.

Hatua ya 2: Nenda mahali bidhaa inapotumika

Hatua hii ndiyo inayorukwa mara nyingi kuliko nyingine zote, nadhani kwa sababu haifanani na kazi ya ofisini. Dodoso huonekana la kitaalamu zaidi. Lina jedwali na asilimia, na mkurugenzi hulielewa kwa dakika mbili. Lakini dodoso hujibu tu yale uliyojua kuyauliza, ilhali ujanja wa watumiaji ni mambo usiyojua hata kama yapo.

Kampuni ya Intuit ya Marekani, iliyokuwa ikiuza programu ya Quicken kwa ajili ya hesabu za nyumbani, ilikuwa na desturi ya kuwapeleka wafanyakazi wake madukani wakamsubiri mnunuzi, wakamwomba ruhusa ya kufuatana naye hadi nyumbani, na huko wakakaa kimya wakimtazama anavyoifungua na kuitumia programu kwa mara ya kwanza. Kampuni hiyo hiyo ilikuja kutambua kwamba wengi waliokuwa wakinunua Quicken walikuwa wakiendeshea hesabu za biashara zao ndogo, ingawa haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Kwa muda jambo hilo lilipuuzwa. Lilipochunguzwa, ilionekana kwamba wenye biashara hao walikuwa wakizikwepa programu za uhasibu zilizokuwepo kwa sababu hawakuwa wahasibu na hawakutaka kujifunza lugha ya wahasibu. Kutokana na ugunduzi huo ilizaliwa QuickBooks mwaka 1992.

Huku kwetu kutembelea kwa namna hiyo kuna ugumu wake, na ugumu huo ni adabu. Tumelelewa kumstahi mgeni. Mtu aliyefika na fulana yenye nembo ya kampuni atakaribishwa kiti, ataletewa chai, ataambiwa kwamba bidhaa ni nzuri sana na kwamba Mungu awazidishie, kisha ataondoka na karatasi iliyojaa sifa zisizomsaidia kitu. Kwa hiyo vua fulana hiyo. Nenda na mtu anayefahamika mtaani, na ueleze tangu mwanzo kwamba umekuja kujifunza kwa sababu kuna mambo ambayo ninyi watengenezaji hamyajui. Mzee au mama mwenye nyumba akiwekwa katika nafasi ya mwalimu, atasema mengi ambayo asingeyasema akiwa katika nafasi ya mteja.

Usiulize "ungependa tuongeze nini?" Swali hilo humlazimisha mtu abuni jibu papo hapo ili asikuvunje moyo. Uliza habari ya mara ya mwisho: ilikuwa lini, alikuwa anataka kukamilisha jambo gani, nani mwingine alikuwepo, alikwama wapi, na baada ya kukwama alifanyaje. Kisha mwombe akuonyeshe badala ya kukusimulia, kwa maana mtu husahau kuzitaja hatua alizozizoea. Atakuambia kwamba anatumia jiko lako kama kawaida. Ni mpaka aliwashe mbele yako ndipo utakapoona jiwe analoliegemeza upande mmoja ili sufuria isiyumbe. Jiwe hilo ni mali.

Nendeni wawili, mmoja azungumze na mwingine aandike. Aliyeibuni bidhaa awepo, ila apewe amri moja, asieleze wala kuitetea kazi yake. Nyumba au maduka sita hadi manane yanatosha kwa awamu ya kwanza, mradi usichague yale yaliyo karibu na ofisi yako tu. Ukitaka kupiga picha au kurekodi sauti, omba ruhusa na uieleze kazi ya rekodi hizo, si kwa heshima pekee bali pia kwa sababu Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022 zinakubana katika jambo hilo.

Watazame pia wasioimiliki bidhaa lakini wanaitumia. Nokia ilipowachunguza watumiaji katika nchi zenye kipato cha chini, iliona kwamba simu moja huweza kutumiwa na familia nzima au mtaa mzima, na simu ya Nokia 1200 ya mwaka 2007 ikatoka ikiwa na vitabu kadhaa vya majina ndani ya simu moja, kila mtumiaji na chake. Nokia 1100 iliyoitangulia mwaka 2003, yenye tochi na vitufe vilivyofunikwa visiingie vumbi, iliuzwa zaidi ya simu milioni 250. Tochi katika simu huenda ilionekana mzaha kwa mtu aliyeishi mahali ambapo umeme haukatiki.

Hatua ya 3: Fungua daftari moja

Habari nyingi za watumiaji zimekwisha kuingia katika kampuni yako, lakini zimelala kwa watu wasioulizwa: binti anayepokea simu za huduma kwa wateja, wakala wa mjini, dereva anayepeleka mzigo, na zaidi ya wote fundi wa mtaani anayeitengeneza bidhaa yako ikiharibika. Fundi anajua ni sehemu gani watu wanaiondoa kwa sababu hawaihitaji, na ni sehemu gani anaombwa aongeze. Mtembelee kila mwezi, na umlipe kwa muda wake.

Yote yaandikwe katika daftari moja, liwe la karatasi au la kompyuta, kwa safu zifuatazo: tarehe, aina ya mtumiaji, bila kuandika jina lake pasipo lazima, alichokuwa anataka kukamilisha, alichokifanya badala ya njia mliyoikusudia, na kilichomgharimu. Maneno yake yaandikwe kama alivyoyasema. Mara afisa anapoandika "mteja anahitaji mfumo ulioboreshwa wa malipo", kile kilichosemwa kimekufa, kwani huenda mama yule alisema tu kwamba humpa mwanawe simu alipe kwa kuwa maandishi ni madogo.

Hatua ya 4: Watafute waliotangulia

Watumiaji hawalingani. Eric von Hippel, profesa wa chuo cha MIT nchini Marekani, mwaka 1976 alichapisha uchunguzi wake juu ya maendeleo 111 ya vifaa vya kisayansi, akaonyesha kwamba takribani asilimia 80 ya maendeleo yaliyowaongezea watumiaji manufaa makubwa yalibuniwa, yakaundwa na kujaribiwa kwanza na watumiaji wenyewe kabla ya kiwanda chochote kuyashika. Miaka kumi baadaye alifafanua aina ya mtumiaji anayefaa kutafutwa kwa sifa mbili. Mtu huyo anakabiliwa leo na haja ambayo wengine watakutana nayo baadaye, na atanufaika sana haja hiyo ikitatuliwa, kiasi kwamba hawezi kukaa akisubiri.

Kumpata si kazi ngumu kama inavyodhaniwa. Mwulize mtumiaji mzoefu, "Nani anaijua kazi hii kukuzidi?" Ukishatajiwa jina, nenda kwa huyo ukamwulize swali lile lile. Baada ya kupanda ngazi tatu au nne hivi utafika kwa mtu ambaye amekwisha kukata, kuchomelea au kuandika programu yake mwenyewe. Wakati mwingine atakuwa nje kabisa ya soko lako. Anayetengeneza masanduku ya kuhifadhia maziwa yasichache hujifunza mengi kwa wavuvi wa ufukweni, ambao barafu na jua vimewafundisha mapema zaidi.

Jambo la kuangalia ni kwamba watu wa aina hii mara nyingine huonekana kama wavamizi. Mwaka 1998 kampuni ya LEGO ya Denmark, inayotengeneza vichezeo vya vipande vya plastiki vya kuunganisha, ilipotoa roboti za Mindstorms, haukupita muda mrefu kabla wapenzi wake hawajaifumbua programu iliyokuwa ndani na kuanza kuandika zao. Kampuni ingeweza kuwashtaki. Badala yake iliwaruhusu, ikaiingiza ruhusa hiyo katika masharti ya leseni, na ilipoandaa toleo lililotoka mwaka 2006 iliwaita watumiaji wanne waliobobea washiriki kwa siri katika usanifu. Inasemekana malipo yao ya kwanza yalikuwa seti za LEGO, jambo nitakalolirudia hapo mbele.

Hatua ya 5: Pima kwa gharama iliyolipwa, kura zije baadaye

Daftari likishajaa, kishawishi ni kuyapanga mambo kwa wingi wa watu walioyataja. Kura zina faida yake, lakini hupendelea wenye sauti. Mwaka 2007 kampuni ya kompyuta ya Dell ilifungua mtandaoni mahali pa wateja kupendekeza na kupigia kura mawazo, na mara moja kilichopanda juu ni ombi la kompyuta zenye mfumo wa Linux. Dell ilisikia, na mnamo Mei mwaka huo ikaanza kuuza kompyuta zenye Ubuntu, ambayo ni aina mojawapo ya Linux. Lilikuwa jambo la heshima, ila wanunuzi wengi wa Dell waliendelea na Windows kama kawaida, kwa kuwa waliopiga kura walikuwa kundi dogo lenye mapenzi makubwa.

Mimi hupendekeza maswali mawili kwa kila jambo lililo daftarini. Kwanza, mtu huyu amekwisha kutoa nini ili ajitatulie tatizo hili: shilingi, saa, safari, au hatari? Anayelipa bodaboda kila jumatatu kwa sababu bidhaa yako ina upungufu fulani ana uzito kuliko watu hamsini wanaosema ingekuwa vyema. Pili, haja iliyo chini ya ombi ni ipi? Mteja anayeomba kufuli kubwa zaidi la sanduku huenda anachohitaji ni kujua ni nani aliyelifungua. Ukijenga ombi lilivyo, utauza kufuli. Ukijenga haja, huenda usihitaji kufuli kabisa.

Hatua ya 6: Jaribu kwa udogo na utazame linavyopindishwa

Majaribio ya M-Pesa yanafaa kusomwa na kila anayeandaa bidhaa. Yalianza Oktoba 2005 jijini Nairobi na mjini Thika, yakiwa na mawakala wanane na wateja wapatao 500 wa taasisi ya mikopo midogo ya Faulu Kenya. Bidhaa iliyokuwa ikijaribiwa haikuwa hii tunayoijua. Lengo la kampuni za simu za Vodafone na Safaricom lilikuwa kumwezesha mkopaji kupokea mkopo na kulipa marejesho kwa simu.

Wateja walilipa marejesho, lakini walifanya na mengine. Wenye biashara waliweka mauzo yao jioni kwa wakala na kuyatoa asubuhi, wakiugeuza mfumo kuwa kabati la usiku, kwa kuwa benki zilikuwa zimefungwa. Wasafiri waliweka fedha mji mmoja na kuzitoa mji mwingine saa chache baadaye ili wasitembee nazo njiani. Wengine walinunua salio kupitia M-Pesa na kuwatumia jamaa zao mashambani, na wengine waliwatumia pesa watu ambao hawakuwa hata sehemu ya majaribio. Wakati huo huo mambo ya mikopo yalizidi kuwa mazito, kwani mahesabu ya Faulu na utaratibu wa vikundi vyake havikuoana vizuri na mfumo mpya. Wasimamizi wangeweza kuyaita matumizi hayo makosa na kuyazuia. Waliamua kuiondoa mikopo katikati, wakaibakiza kazi moja ya kutumiana pesa, na huduma ilipozinduliwa Machi 2007 tangazo lake lilihusu kutuma pesa nyumbani. Mwaka wa kwanza haukwisha kabla watumiaji hawajapita milioni moja.

Kwa hiyo katika majaribio yako acha nafasi ya kupindishwa. Wape watu wachache bidhaa halisi inayofanya kazi, kwa miezi kadhaa, na maelekezo yasiyo marefu. Andika kila tumizi usilolikusudia na usiharakishe kulirekebisha. Weka tangu mwanzo siku ambayo mtakaa kuamua kama kazi mliyoikusudia ndiyo itakayobaki, la sivyo wale walioandika mpango wa awali wataulinda hadi bajeti iishe.

Hatua ya 7: Yamalize mambo ya haki kabla ya faida

Wazo lisilo na thamani halina mgogoro. Migogoro huja fedha zikishaonekana, na wakati huo kila mtu hukumbuka mazungumzo kwa namna yake. Afrika Kusini, Nkosana Makate alikuwa mhasibu mwanafunzi katika kampuni ya simu ya Vodacom alipopendekeza huduma ya kumwomba mtu akupigie bila wewe kuwa na salio, yaani kubipu kulikowekewa utaratibu. Aliahidiwa fungu, huduma ikazinduliwa mwaka 2001, na fungu halikuja. Aprili 2016 Mahakama ya Katiba iliamua kwamba kampuni inafungwa na ahadi ile na lazima ijadiliane naye malipo. Hata baada ya hukumu hiyo mabishano ya kiasi yaliendelea kwa miaka. Makate alikuwa mfanyakazi, lakini kwa mtumiaji wa nje funzo ni lile lile, na pengine ni kali zaidi kwa kuwa hana hata mkataba wa ajira.

Andika ukurasa mmoja, kwa Kiswahili kinachoeleweka, unaosema nani atamiliki kitakachotokana na mazungumzo, mchangiaji atapata nini wazo lake likitumika, na nini kitatokea lisipotumika. Kiwango kinaweza kuwa kidogo. Katika mpango wa LEGO Ideas, ambapo mashabiki hupendekeza seti mpya, pendekezo lililoungwa mkono na watu 10,000 huingia katika tathmini, na likichaguliwa mbunifu hupata asilimia 1 ya mauzo halisi. Wengi hukataliwa hata baada ya kufikisha idadi hiyo, lakini masharti waliyajua mapema. Ukilinganisha na wale wanne walioanza kwa kulipwa vipande vya plastiki, utaona kwamba hata kampuni moja hujifunza polepole.

Hatua ya 8: Rudi kwa waliokupa

Ndani ya wiki chache mpigie kila uliyemtembelea, umweleze alichokifundisha na mlichoamua, hata kama mmeamua kutofanya lolote. Anayeelezwa sababu ya kukataliwa huendelea kukuambia mambo. Aliyenyamaziwa hunyamaza pia.

Bidhaa mpya ikitoka, daftari lifunguliwe upya, maana watumiaji wataanza kuipindisha siku hiyo hiyo. M-Pesa ilipokwisha kuzoeleka kwa kutumiana pesa, wenye maduka walianza kupokelea malipo katika namba zao binafsi, na Safaricom ikaja na Lipa na M-Pesa mwaka 2013. Mama mboga na fundi viatu waliendelea na namba zao binafsi hata hivyo, fedha ya biashara ikichanganyika na ya ada ya shule, na mteja mjanja akichukua bidhaa kisha kuomba muamala urudishwe. Ndipo ilipotolewa Pochi la Biashara, inayozitenga fedha hizo katika laini ile ile aliyonayo mfanyabiashara.